Tume ya Sanaa ya San Francisco: ukitaka kusikika, wahi kamati

Aliyezoea BASATA ya Tanzania atachanganyikiwa kidogo hapa mwanzoni. Baraza letu la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, linajulikana zaidi kwa kusajili na kusimamia wasanii. Tume ya Sanaa ya San Francisco haimsajili mtu. Yenyewe hununua kazi za sanaa kwa fedha za jiji, huzitunza, hupitisha michoro ya majengo ya umma, hugawa ruzuku na hutoa vibali vya kuuza kazi za mikono barabarani. Tunaitathmini kama huduma nyingine yoyote: inampa nini msanii au mkazi anayeifuata, na inakwamia wapi.

Ilianza 1932 kupitia katiba ya jiji. Ina viti 15, wote huteuliwa na meya kwa muhula wa miaka minne. Viti 11 ni vya watu wa fani: wasanifu majengo wawili, msanifu wa mandhari, na watu wa sanaa za jukwaani, sanaa za kuona, fasihi na vyombo vya habari. Vinne vilivyobaki ni vya wakazi wa kawaida wasio wa fani. Mwenyekiti wa tume ya mipango miji naye huketi, lakini hapigi kura. Madiwani wanaweza kumkataa mteuliwa ndani ya siku 30, ila wanahitaji theluthi mbili ya kura, yaani wanane kati ya 11, kwa hiyo kiutendaji neno la meya ndilo hupita. Hilo likumbuke, linarudi mbele.

Kikao kikuu hufanyika City Hall mara moja kwa mwezi. Kwa sheria ya California ya vikao vya wazi, ajenda lazima ibandikwe saa 72 kabla, na mtu yeyote ana haki ya kuzungumza juu ya kila jambo lililoorodheshwa. Huombwi kitambulisho wala huulizwi unaishi mtaa gani. Kwa uwazi huu peke yake tume inastahili alama za juu. Tatizo ni kwamba watu wengi huja siku hiyo ya kikao kikuu, wakati mambo yameshapikwa. Kazi hufanyika kwenye kamati: ya sanaa za kuona, ya usanifu wa majengo ya umma, na ile ya ruzuku. Zikishakubaliana, mapendekezo yao huingizwa kwenye orodha ya mambo yanayopitishwa kwa mkupuo mmoja, kura moja, dakika chache. Ukisimama pale kupinga mchoro wa ukutani mtaani kwako, utasikilizwa kwa heshima zote, halafu mchoro utapitishwa kama ulivyo.

Kwa hiyo hesabu yako ianze nyuma. Soma ajenda za kamati, si za tume peke yake. Tafuta hatua ambapo mapendekezo ya wasanii waliobaki kwenye mchujo, mara nyingi watatu, yanawekwa hadharani ili umma utoe maoni. Hapo maandishi ya kurasa moja au mbili hufika mikononi mwa jopo linalochagua msanii kabla halijatoa alama. Taja mahali, ukubwa, kivuli, usalama wa watoto, maana ya picha kwa watu wa eneo hilo. "Siipendi" haimsaidii mjumbe kubadili alama yake. "Nguzo hii inaziba mlango wanaoutumia wenye viti vya magurudumu" inamsaidia. Na kama suala ni zito kiasi cha kutaka litolewe kwenye ule mkupuo, mwombe mjumbe mmoja kabla ya kikao alitenge lijadiliwe peke yake. Akidi ni wanane, na uamuzi unahitaji kura nane za ndiyo hata wakihudhuria tisa tu. Asiyefika ni kama amepiga kura ya hapana.

Pale mfumo unapovunjika, mfano mzuri ni mnara wa Maya Angelou, mwandishi na mshairi wa Marekani. Mwaka 2018 jiji lilipitisha sheria ya kuongeza sura za wanawake katika sanaa za umma, ikaagiza awekewe kumbukumbu kwenye maktaba kuu. Wasanii wakaomba, jopo likachuja, na mwaka 2019 likamchagua Lava Thomas kwa muundo wa kitabu kikubwa cha shaba chenye uso wa Angelou. Ndipo diwani aliyeisukuma sheria hiyo akasema alitaka sanamu ya mwili kwa mtindo wa kawaida, sharti ambalo wasanii hawakuwa wamepewa kwa uwazi. Mchakato ukafutwa, ukaanza upya. Malalamiko yakazidi, Agosti 2020 tume ikaomba radhi, Novemba mwaka huo huo ikamrudishia Thomas kazi, na mnara ukazinduliwa Septemba 2024. Tangu jopo limchague hadi kuzinduliwa ni miaka mitano.

Wengi hulieleza tukio hili kama ugomvi wa ladha. Sisi tunaona kosa la karatasi. Tangazo la kuita wasanii ndilo mkataba wa kwanza. Kama mwenye mradi ana sharti kichwani ambalo halikuandikwa, litaibuka mwishoni, na mwishoni jopo la wakazi halina nguvu, kwa sababu lenyewe hupendekeza tu. Msanii, kabla hujatumia wiki tatu kwenye mchoro, andika swali kwa ofisi wakati wa maswali: kazi lazima ionyeshe umbo la mtu au la? Nani mwingine nje ya jopo ana kauli? Majibu yakiwa kwenye maandishi una pa kusimamia.

Kasi yenyewe si lazima iwe mbaya. Sanamu ya "Early Days", iliyomwonyesha mzawa wa Marekani akiwa chini ya miguu ya padri na mchungaji wa ng'ombe, tume ilipiga kura iondolewe mapema 2018. Bodi ya rufaa ikaurudisha uamuzi nyuma, ikasikiliza tena, ikakubali, na Septemba mwaka huo sanamu ikashushwa. Ile ya Columbus mbele ya mnara wa Coit Tower iliondolewa Juni 2020 ndani ya siku chache, maandamano yakiwa yameshatangazwa. Linganisha mwenyewe: walalamikaji wa kwanza walipitia mikutano kwa miaka, wa pili walitangaza maandamano tu, jiji likaishusha kabla hawajafika.

Sasa fedha, maana hapa ndipo tume hii inapozishinda nyingi. Tangu 1969 jiji hutenga asilimia 2 ya makadirio ya ujenzi wa miradi yake, majengo, usafiri na kadhalika, kwa ajili ya sanaa. Uwanja wa ndege wa San Francisco, SFO, ndio mlipaji mkubwa, na ndiyo sababu kuta zake zina kazi ambazo makumbusho mengi yangezitamani. (Maonyesho ya kwenye makabati ya vioo pale uwanjani si ya tume, yana idara yake, SFO Museum. Barua nyingi hupotea hapo.)

Chukua mradi wa dola milioni 50. Asilimia 2 ni milioni moja. Sheria inaruhusu hadi asilimia 20 ya fedha hiyo kwa utawala, yaani 200,000, na hadi asilimia 5 kwa matunzo, yaani 50,000. Inabaki 750,000, nayo mara nyingi hugawanywa kwa kazi mbili au tatu. Tuseme umepata mkataba wa 300,000. Usiikimbilie kama mshahara. Humo mna mhandisi mwenye leseni ya California wa kugonga mhuri kwamba kitu hakitaanguka kwenye tetemeko, mna karakana ya kuchomelea, usafirishaji, bima ya dhima, kreni ya siku ya kufunga, na kodi. Makadirio yasiyoweka akiba ya walau asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa huwa yanamla msanii mwenyewe, hasa ujenzi ukichelewa na bei ya chuma ikapanda kabla eneo halijakabidhiwa. Omba kipengele kinachosema nani analipa ghala kazi ikiwa tayari na jengo halijawa tayari.

Kipengele kingine cha kusoma mara mbili ni haki za msanii juu ya kazi yake. Sheria ya shirikisho ya 1990 inamlinda msanii dhidi ya kuharibiwa kwa kazi, lakini inamruhusu kuachia haki hiyo kwa maandishi, na mikataba ya miji hupenda kuiomba. Ukisaini bila kusoma, siku jengo likibomolewa hutakuwa na la kusema.

Matunzo ni kidonda cha tume. Mkusanyiko wa jiji una zaidi ya vitu 4,000, pamoja na michoro ya ukutani ya 1934 ndani ya Coit Tower. Fedha za ujenzi zinazotokana na hatifungani zimefungwa kwa ujenzi: zinanunua sanamu, haziisafishi. Kila mwaka vitu vinaongezeka, na fungu la kusugua, kupaka nta na kufuta maandishi ya wahuni haliongezeki kwa mwendo huo. Mkazi akiripoti kasoro, asiandike "sanamu imeharibika". Atume picha tatu, ya mbali, ya karibu na ya eneo, aseme kama ni kutu, ufa au rangi ya kopo. Ufa unaoathiri usalama huenda mbele ya foleni, uchafu husubiri.

Kuhusu usanifu, tutapita haraka. Jengo la umma kwenye ardhi ya jiji kwa kawaida hupitia kamati ya usanifu kwa awamu: wazo, kisha awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu kadiri michoro inavyokomaa. Mkazi mwenye hoja aende kwenye wazo au awamu ya kwanza. Kwenye ya tatu michoro ya fundi imeshatoka na kila badiliko lina gharama.

Ruzuku kwa msanii mmoja mmoja zipo, na tangu wapiga kura wa 2018 walipotenga sehemu ya kodi ya hoteli kwa sanaa, fungu hilo lina mzizi. Ila kodi ya hoteli hufuata watalii, na 2020 ilionyesha mzizi huo ulivyo mfupi. Maombi huangushwa zaidi na bajeti isiyolingana na maelezo kuliko na ubovu wa kazi: umeandika maonyesho manne, bajeti ina kodi ya ukumbi mara mbili. Wanaosoma ni jopo la wakazi na wasanii wenzako, wenye rundo la maombi kila mmoja.

Vibali vya kuuza barabarani, mpango ulioanza 1972, ni huduma tunayoipenda na inayowaudhi Waswahili wengi. Kanuni ni moja: anayeuza ndiye aliyetengeneza. Vinyago vya Mwenge, vikapu vya kiondo, kanga za jora, hata ukivinunua kwa fundi ndugu yako, havipiti. Unafika mbele ya kamati ya wakaguzi, nao ni watu wa kazi za mikono, na kitu kilichokamilika, malighafi na vifaa vyako, kisha unafanya kazi mbele yao. Mshona shanga anayekuja na mkufu tu bila uzi, sindano na shanga zenyewe hurudishwa nyumbani. Ukipata kibali, eneo hupatikana kwa bahati nasibu, kwa hiyo kuwa na kibali si kuwa na meza Fisherman's Wharf, eneo la watalii, kila Jumamosi. Kanuni ni kali, lakini ndiyo iliyozuia soko lile lisigeuke la bidhaa za kontena.

Angalizo la milango isiyo yao: michoro ya shule ya George Washington iliyozua kelele 2019 ilikuwa ya bodi ya shule. Makumbusho ya de Young yana bodi yake. Tume haikusaidii huko.

Na viti vyenyewe? Tangu kura ya Novemba 2020 uraia si sharti tena la kuketi kwenye tume na bodi za jiji. Uwe mkazi na uwe umetimiza umri wa kupiga kura. Mwenye kadi ya ukaazi aliyetoka Mombasa au Bukavu anaweza kuomba, kupitia ofisi ya meya. Ajiandae kwa kikao kikuu, kamati moja au mbili, kusoma kurasa nyingi kila mwezi, na kujaza fomu ya wazi ya mali na mapato yake. Msanii anayeketi humo hawezi kujipatia kazi ya tume, na hapa ndipo wazuri wengi husita: ukikubali kiti, umeifungia karakana yako mteja mkubwa kwa miaka minne. Na kwa kuwa meya ndiye mteuzi, mjumbe anayepinga mradi wa meya anajua anachohatarisha muhula ukiisha.

Kwa wengi tungependekeza jopo badala ya kiti. Ofisi hupokea majina ya watu wa kuketi kwenye majopo ya kuchagua wasanii na ya kusoma ruzuku. Ni vikao vichache, kuna posho ndogo, na kura yako inaingia wakati bado kuna la kuamua. Tuma wasifu wa ukurasa mmoja unaotaja mtaa unaoishi, kazi unayoijua kwa mikono au kwa macho, na lugha unazozungumza. Kiswahili hakimo katika lugha ambazo jiji huzitafsiria nyaraka zake kwa kawaida, kwa hiyo anayetaka mkalimani kwenye kikao aombe mapema, saa 48 kabla au zaidi, na aombe kwa maandishi.