Miezi 14 na printa ya rangi ya bei nafuu: uzoefu wangu

Printa hii niliinunua Kariakoo miezi 14 iliyopita kwa shilingi 150,000. Ni ya aina ile inayotumia katriji mbili za wino, moja nyeusi na nyingine yenye rangi tatu ndani yake, yaani samawati, majenta (waridi iliyokolea) na njano. Nilikuwa nimechoka kumtuma binti yangu steshenari kila anapopewa kazi ya likizo, na kwa bei hiyo niliona kwamba nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Katriji zilizokuja na mashine hazikujazwa kama zile zinazouzwa dukani, hivyo ziliisha kabla ya mwezi kwisha, na hapo ndipo nilipoujua mchezo wenyewe. Katriji mpya ya rangi niliuziwa shilingi 50,000 na nyeusi shilingi 40,000, ikimaanisha kwamba kujaza wino mara mbili tu kunagharimu zaidi kuliko printa yenyewe. Nilianza kuweka hesabu kwenye daftari. Ile ya rangi ilinipa kurasa zipatazo 100, sawa na shilingi 500 kwa ukurasa, bei ileile ninayotozwa steshenari ya mtaani kwetu. Nyeusi ilinipa kurasa kama 120, sawa na shilingi 330 na ushee, wakati pale steshenari ukurasa mweusi ni shilingi 200 pamoja na karatasi yao. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kwa kuchapisha kurasa maalumu za majaribio mfululizo, na mtu anayechapisha picha inayojaza karatasi nzima, leo moja na wiki ijayo nyingine, asitarajie kuifikia. Isitoshe, njano ikitangulia kuisha, katriji nzima ya rangi inatupwa hata kama samawati bado ipo.

Kero kubwa zaidi kwangu, hata hivyo, si bei bali ni kukauka kwa wino. Tulisafiri wiki 5, na tuliporudi binti yangu akachapisha ramani ya Tanzania kwa ajili ya somo la jiografia. Ziwa Victoria lilitoka rangi ya waridi, mbuga zilizopaswa kuwa za kijani zikawa za njano, na bahari yote ya upande wa mashariki ikafanana na sharubati ya matunda damu. Matundu ya kutolea wino wa samawati yalikuwa yameziba, na kwa kuwa buluu hupatikana kwa kuchanganya samawati na majenta, na kijani kwa samawati na njano, kila kilichohitaji samawati kilibaki na rangi ya mwenzake. Nilitumia programu ya kusafisha iliyomo ndani ya printa mara 3 ndipo ziwa likarudi kuwa la buluu, lakini usafishaji huo nao unakula wino, na mstari wa kiwango cha rangi ulishuka machoni pangu.

Tangu siku hiyo huchapisha ukurasa mmoja wa rangi kila Jumapili, hata kama sina haja nao. Pia nimejifunza kuizima printa kwa kitufe chake badala ya kuchomoa plagi ukutani, kwa sababu inapozimwa vizuri kichwa cha wino, yaani sehemu yenye yale matundu, hurudi mahali pake na kufunikwa kisikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, na kwetu umeme haubishi hodi.

Sifa zake ninazikiri. Ni nyepesi, haionekani kutafuna Luku, na picha za familia kwenye karatasi ya kung'aa hutoka na rangi zilizokolea kiasi kwamba wageni huuliza zilisafishwa studio gani, ingawa tone moja la maji kwenye karatasi ya kawaida linatosha kuzichuruza. Kuunganisha waifai kulinichukua saa nzima, maana inapokea mawimbi ya gigahezi 2.4 pekee, si yale ya gigahezi 5. Kilichonishangaza ni skana, ambayo nilipokuwa nanunua sikuijali kabisa. Vyeti vya shule, risiti na kitambulisho cha NIDA pande zote mbili, vyote ninavituma kwenye maombi ya mtandaoni bila kutoka nyumbani na bila kutumia hata tone la wino, na hufanya kazi hiyo hata katriji zikiwa tupu.

Kwa nyumba inayochapisha kurasa chache kila wiki na kuskani mara kwa mara, ningeipendekeza. Mwalimu anayetoa mitihani ya darasa zima asiiguse. Katriji ya rangi iliyomo sasa ni ya nne, na imebaki robo. Ikiisha, kabla ya kutoa shilingi 50,000 nyingine nitapita Kariakoo kuulizia bei ya zile printa za matangi, zinazojazwa wino kwa chupa.