CaDiCaL kwa kupaka rangi haipagrafu: "hapana" yake inaaminika kiasi gani?

Ukitaka kujua kama haipagrafu (nukta zilizopangwa katika makundi, kila kundi likiitwa ukingo) inapakika rangi mbili bila ukingo wowote kubaki na rangi moja tupu, huhitaji programu ya haipagrafu. CaDiCaL, kitatuzi cha SAT (programu inayotafuta kama masharti ya kweli na uongo yanaweza kutimizwa yote pamoja) kutoka kwa Armin Biere, kinatosha. Ni cha bure kwa leseni ya MIT, kimeandikwa kwa C++, na hujengwa kwa `./configure` kisha `make`. Ila hakijui nukta wala ukingo ni nini; kinajua vigeu vya kweli na uongo tu. Kazi ya kutafsiri ni yako, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Kipime kwanza kwa bapa la Fano: nukta 7, kingo 7, yaani 124, 235, 346, 457, 561, 672 na 713. Kila nukta ni kigeu kimoja. Kweli ni nyekundu, uongo ni buluu. Kila ukingo huandikwa mara mbili, kila mstari ukiwa sharti moja, yaani kifungu (alama ya kutoa ni "si", na 0 hufunga kifungu): `1 2 4 0` hukataza zote tatu zisiwe buluu, na `-1 -2 -4 0` hukataza zisiwe nyekundu. Kichwa cha faili ni `p cnf 7 14`, yaani vigeu 7 na vifungu 14. Jibu hutoka papo hapo: `s UNSATISFIABLE`, yaani haipakiki. Sasa ondoa ukingo 124, kichwa kiwe `p cnf 7 12`, na jibu linageuka. Unaweza hata kulihakiki kwa macho: paka 1, 2 na 4 nyekundu, zilizobaki buluu, kila ukingo mwingine unakutana na 124 kwenye nukta moja tu, kwa hiyo una nyekundu moja na buluu mbili. Hakuna haipagrafu ya kingo za nukta tatu yenye kingo pungufu ya 7 inayokataa rangi mbili. Kwa kingo za nukta nne idadi hiyo ni 23, na ilithibitishwa mwaka 2014 tu.

Tahadhari mbili. Usianze kuhesabu nukta kutoka 0: sifuri ndiyo inayofunga kifungu, na ikikaa mwanzoni husomwa kama kifungu kitupu, kisichotimizika kamwe. Utapata ujumbe wa kosa, au, ukilazimisha kwa `-f`, "hapana" ya uongo. Pili, chuja kingo zenye nukta moja. Ukingo wa namna hiyo huleta `5 0` na `-5 0`, na faili zima linaanguka kwa sababu isiyohusiana na swali lako.

Kwa rangi k, kila nukta hupata vigeu k: nukta 50 kwa rangi 3 ni vigeu 150. Andika kwamba kila nukta ina angalau rangi moja, na kwamba hakuna ukingo ambao nukta zake zote zina rangi ileile. Wengi huongeza vifungu vya "isiwe na rangi mbili". Havihitajiki: nukta ikipewa rangi mbili, chagua yoyote, hakuna kinachoharibika. Kitatuzi hakitafuti idadi ndogo kabisa ya rangi. Endesha mwenyewe kwa 2, 3, 4 mpaka kikubali.

Kinachonifanya nikipendekeze ni uthibitisho. `cadical fano.cnf fano.drat` huacha faili la uthibitisho ambalo drat-trim, programu tofauti ya ukaguzi, hulikagua bila kukiamini kitatuzi. "Ndiyo" yoyote hujionyesha yenyewe. "Hapana" bila faili hilo ni neno tupu. Kumbuka tu kwamba drat-trim hukagua vifungu ulivyoandika, si haipagrafu uliyokusudia.

Kinaposhindwa, kinashindwa vibaya. Chukua nukta 21, kila tatu ziwe ukingo (1,330 kwa jumla), rangi 10. Mtu huona mara moja: nukta 21 katika rangi 10, lazima rangi moja ipate tatu. Kitatuzi hakihesabu hivyo. Huzunguka kwenye nakala zilezile zenye rangi zilizobadilishana majina, na unaweza kusubiri bila kikomo. Kufunga rangi ya nukta ya kwanza kwa mstari kama `1 0` hupunguza kazi kwa nusu kwenye rangi mbili, lakini kwa mfano huu hakuokoi. Haipagrafu ya ulinganifu mkubwa, yenye jibu linalotegemea kuhesabu, ipeleke kwa kitatuzi cha milinganyo ya namba kamili. Zile zisizo na mpangilio, mlete CaDiCaL.