Kufuli la tairi kwa tela la kulala: uzoefu wangu Luchelele, Mwanza

Tela halina injini wala swichi. Mwenye pikapu yenye tufe la chuma la kuvutia tela anarudi kinyumenyume, anashusha kichwa cha tela juu yake, anaondoka nalo. Letu ni la kulala. Watoto wakifunga shule tunakwenda nalo Lamadi hadi geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, au upande wa Sengerema na Geita, maana tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Muda mwingine wote linakaa uani, na uzio wetu ni wa minyaa tu. Jirani aliibiwa tela la kubebea boti usiku wa mvua, hakuna aliyesikia kitu. Iliniuma sana, nikaamua letu lisiondoke kirahisi hivyo.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kufuli la tairi. Nililipa shilingi 180,000. Lina mikono miwili inayokumbatia tairi mbele na nyuma, na sahani nene katikati inayofunika rimu. Hiyo sahani ndiyo ya kuikagua dukani. Isipofunika nati zote, achana nalo: mwizi atapiga jeki, atafungua tairi pamoja na kufuli lako, ataweka tairi lake na kuondoka. Nenda na saizi ya tairi, imeandikwa ubavuni. Muuzaji alinishawishi nichukue kubwa zaidi eti litabana tu, nikakataa, kwa sababu lililolegea linachomoka tairi likitolewa upepo. Langu nililijaribu hivyo hivyo. Nilitoa upepo wote, mimi na mdogo wangu tukalivuta kwa nguvu, likacheza, halikutoka.

Kasoro ni tundu la ufunguo. Kifuniko chake cha mpira kimelegea mapema, vumbi la kiangazi likaingia, ufunguo ukaanza kugoma. Usitie oili, inashika vumbi zaidi. Mimi huchonga risasi ya penseli mpaka iwe unga, naupuliza ndani, na ufunguo unazunguka bila shida.

Kwenye kichwa cha tela nimeweka kufuli la boksi. Yale ya bei nafuu yanayopita kwenye tundu la kishikio sikuyataka: kikombe kinachokaa juu ya lile tufe kinabaki wazi, na bolti zinazoshika kichwa zinafunguka kwa spana ya kawaida. Boksi linafunika vyote.

Halafu kuna jabali. Viwanja vingi vya Mwanza vina mawe, na la kwetu fundi alilitoboa akazamisha pete ya chuma kwa saruji. Mnyororo unatoka hapo na kuzunguka chesisi, nimeukaza usiguse ardhi. Mkasi wa kukatia vyuma unapata nguvu mpini mmoja ukiegemezwa chini na mwingine ukikandamizwa kwa uzito wa mwili. Mnyororo ukiwa juu, mwizi ana mikono yake tu. Grenda itakata chochote, lakini kwa kelele zile na mbwa wa mtaa huu, hakuna atakayeendelea kulala.

Kifaa cha GPS nakipa nyota tatu. Vingi vinavyouzwa vinategemea betri ya gari, na tela likishachomolewa halina umeme, kwa hiyo tafuta chenye betri yake. Kinatumia laini ya simu: salio likiisha au mtandao ukikosekana, hupati taarifa yoyote. Tena kazi yake inaanza tela likishaibwa, ndiyo maana pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye kufuli.

Piga pia picha za namba ya chesisi, kadi ya usajili na kila mkwaruzo, umtumie ndugu azihifadhi kwenye simu yake. Likitokea la kutokea, polisi utawapelekea kitu cha kushika.

Kufuli la tairi nalipa nyota nne. Ya tano nitaiongeza wakitengeneza kifuniko cha tundu kinachodumu.