Laini ya nyumbani au ya Hispania?

Kuanzia 2017 hadi mwishoni mwa 2021, Mwingereza aliyekwenda likizo Hispania alitumia bando lake kama vile yuko Leeds. Baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kampuni za simu za EE, Vodafone na Three zilirudisha tozo ya kutumia laini nje ya nchi, mwanzoni takriban pauni 2 kwa siku. (O2 hawakurudisha, ila waliweka kikomo cha data cha GB 25.)

Kulipia laini ya nyumbani hakuna usumbufu: unashuka kwenye ndege, unapiga. Kwa safari ya siku tatu, pauni 6 kwa tozo ile ya mwanzoni, mimi nisingehangaika na kingine. Lakini familia ya watu wanne kwa wiki mbili? Kwa tozo hiyohiyo ni pauni 112, na hapo baba anaanza kukuna kichwa.

Laini ya Hispania unainunua mara moja, ukionyesha pasipoti dukani. Tena unavuka nayo hadi Ufaransa au Italia bila tozo, kwa kuwa yenyewe bado inalindwa na sheria ya Umoja. Kero ni namba mpya, maana benki hutuma msimbo wa uthibitisho kwenye ile ya zamani. Mwenye simu ya laini mbili hana shida. Afunge tu data ya laini ya Uingereza.