Star Analyser 100: mwaka mmoja na kioo cha kupasulia mwanga wa nyota

Ukikishika mkononi hutakiheshimu. Ni pete ya ukubwa wa filta ya kawaida ya inchi 1.25, ndani yake kioo kinachoonekana kitupu kabisa. Mke wangu alikigeuza mara mbili akauliza, "Baba Neema, ndicho hiki ulichokilipia ushuru wote ule?" Ndicho. Kioo hicho kina mistari 100 kwa kila milimita, na mistari hiyo ndiyo inayoupasua mwanga wa nyota ukatoka na rangi zake. Kinatengenezwa Uingereza na kampuni ya Paton Hawksley.

Nimekitumia mwaka mzima hapa Dodoma, uani kwangu, kwenye darubini ya kioo ya milimita 130 na kamera ndogo isiyo ya rangi, yenye pikseli za maikromita 3.75. Stendi ni ile ya kupanda na kuzunguka tu. Stendi ya ikweta, ile ya kufuata nyota kwa mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, niliijaribu nikaiacha: huku tuko nyuzi 6 kusini, mhimili wake unalala karibu sambamba na ardhi, na chuma cha uzito kinagonga miguu.

Kukifunga ni dakika mbili. Kina meno ya skrubu, kinaingia kwenye pua ya kamera kama filta nyingine yoyote. Kazi iko kwenye umbali kati ya kioo na sensa. Mimi nilitafuta spesa, yaani pete za kuongeza umbali, mpaka nikapata milimita 40, na kwa hesabu hiyo kila pikseli inabeba nanomita 0.94 hivi. Maana yake, mstari mwekundu wa haidrojeni, yaani alama ambayo gesi hiyo huiacha kwenye rangi za nyota, wa nanomita 656.3, unaangukia pikseli ya 700 kutoka kwenye nyota yenyewe. Sensa yangu ina pikseli 1,280 kwa upana, basi nyota na utepe wake wa rangi vinaingia picha moja. Usikubali nyota ibaki nje ya picha, kwa sababu hiyo ndiyo sifuri ya vipimo vyako. Kisha zungusha kioo polepole mpaka utepe ulale sawa na mistari ya pikseli.

Kusawazisha vipimo nilianza na Sirius, nyota angavu kuliko zote usiku, mwezi Mei, saa mbili usiku, ikiwa inashuka magharibi. Nyota nyeupe za aina hiyo zina mistari myeusi ya haidrojeni iliyo mipana, hata mgeni haikosi. Nyota ni sifuri, mstari wa haidrojeni wa nanomita 486.1 ni alama ya pili, programu inamaliza mengine. Natumia BASS Project, ni ya bure. Fokasi nailenga kwenye mistari myeusi, siyo kwenye nyota. Nyota ikiwa kali kama sindano, mistari huwa imefifia kidogo. Halafu nakagua kwa pengo lililo karibu na nanomita 760. Hilo si la Sirius, ni oksijeni ya hewa yetu tunayoivuta.

Januari nilifanya ujinga. Niliona vumbi, nikafungua kila kitu nikafuta, nikarudisha bila kukaza hadi pale pale. Mstari wa 486.1 ukahama karibu pikseli tisa, na mawingu yakafunga wiki nzima. Kilichoniokoa ni sindano ya mama. Niliichomeka kwenye kitambaa cheusi mwisho wa uwanja, nikaimulika kwa taa ya enaji seva. Mng'ao wake mwembamba unafanya kazi ya nyota, na zebaki iliyomo kwenye taa inatoa mistari ya 435.8 na 546.1. Nikasawazisha upya bila kuona anga. Mama bado anaidai sindano yake.

Malipo yake? Nyota ya Gamma Velorum. Huko kaskazini ya mbali hawaioni kabisa. Sisi inapita juu kusini. Badala ya mistari myeusi, inatoa vilima vinavyong'aa vya kaboni, karibu na 465 na tena karibu na 580. Nilimwita mke wangu, akakaa kimya kwenye laptopu muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Saa tano usiku nikahamia Antares, nyota nyekundu, na utepe wake umekatwakatwa kama ngazi na oksaidi ya titani.

Mipaka yake muijue. Hakina mwanya mwembamba wa kuchuja mwanga unaoingia, kwa hiyo hewa ikitetemeka mistari inatanuka, na kwa mwezi au galaksi hakifai. Mwendo wa nyota hutaupima kwa hiki. Kwa hilo tafuta spektrografu, yaani kifaa kamili cha kupasua na kurekodi mwanga, yenye mwanya kama Lhires III ya Ufaransa, na uandae mfuko wa aina nyingine kabisa. Kwa anayeanza, au mwalimu wa fizikia mwenye darubini iliyolala stoo, nunueni hiki.

Sasa kiungo cha kioo na spesa nimekipiga mstari wa rangi ya kucha, nyekundu. Mstari ukikatika najua kimelegea kabla hata sijawasha kamera.