Duka la dawa za mifugo, Malindi: wamenifaa na njiwa wangu

Njiwa wangu dume alipoanza kupukutisha manyoya nilidhani unyonge wake ni wa hayo tu. Siku ya tatu nikamkuta amejikunyata pembeni mwa tundu, mtama haugusi. Duka la kwanza waliniuzia dawa ya kuku bila hata kumtazama. Pesa zilipotea bure.

Hili la pili, upande wa sokoni, ndilo ninalolisifu. Mama muuzaji alimtoa kikapuni, akampanua mdomo taratibu kwenye mwanga wa mlangoni. Kooni mna utando wa manjano, mzito kama maziwa yaliyokatika. "Mwanangu, manyoya hayana kosa. Huyu koo linamuua." Akampima kwa mizani ndogo ya kupimia viungo vya chakula, akanipa dawa iitwayo metronidazole kulingana na uzito wake, na kunikanya nimtenge na wenzake, maana ugonjwa huu wa koo huambukizwa hata kwa maji ya kunywa. Unyoya unaochipua nisiushike kabisa: shina lake bado lina damu.

Chakula alinieleza bila kuniuzia kitu. Unyoya ni protini, basi nizidishe choroko na kunde, na magamba ya makombe ya pwani niyaponde mwenyewe nimpe.

Kasoro yao ni vidonge vya kukata kwa wembe. Kipande kidogo hivyo hakitoki sawa. Wangeleta dawa ya maji.

Wiki ya tatu sasa. Kati ya manyoya 10 makubwa ya bawa la kulia, mawili ni mapya, na alfajiri nimemsikia akilia.