Pahole: programu ya kufichua mapengo ya kumbukumbu

Kwa yeyote anayekagua mabadiliko ya msimbo yanayogusa mpangilio wa data katika kumbukumbu, pahole, programu huria iliyoanzishwa na Arnaldo Carvalho de Melo, ni chombo cha lazima. Husoma taarifa za utatuzi ambazo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) imeziacha ndani ya faili, kisha huonyesha kila sehemu ya muundo (struct, yaani kundi la data zinazowekwa pamoja) inaanzia baiti ya ngapi, ina ukubwa gani, pengo (baiti tupu zinazoachwa ili data ikae mahali panapofaa) liko wapi na mpaka wa mstari wa kashe, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho prosesa hukichukua kwa mkupuo mmoja, unapita wapi. Muundo wenye herufi ya baiti 1, namba ya baiti 8 na herufi nyingine hushika baiti 24 kwenye mashine za kawaida za biti 64. Namba ikitangulizwa, hushika 16.

Chaguo la --reorganize, linalopendekeza mpangilio mpya, silikubali bila kulihoji, kwani halijui ni sehemu zipi huandikwa na nyuzi tofauti (threads, yaani kazi za programu zinazoendeshwa sambamba) kwa wakati mmoja, wala kwamba kuhamisha sehemu za muundo ambao maktaba imeuweka wazi kwa watumiaji huvunja programu zilizokwisha kujengwa. Maelezo ya matumizi ni makavu. Matokeo yenyewe husomeka vizuri.